Diski Iliyotupwa Shimoni

Kila siku akitoka shule, mjukuu wangu Delfina alikwenda kwenye kibanda cha redio cha kijiji chetu, San Melchor, na kabla hajafungua mlango alibana pua. Hakuwa akijidai. Kibanda kile kilinuka kweli. Kilinuka mafuta ya nguruwe, viatu vya wapiga tarumbeta na mikojo ya panya, vyote vikiwa vimechanganyika na kukaa siku nyingi bila dirisha kufunguliwa. Wenye vipindi walikula mlemle. Aliyetuzidi wote ni Bwana Baldomero, muuza nyama ya nguruwe. Yeye alisoma matangazo huku akitafuna ngozi iliyokaangwa, na vidole vyake viliacha utando kwenye kibodi, hata herufi A ikawa ukiibonyeza haitaki kurudi juu.

Delfina alikuwa na miaka kumi na miwili. Alifagia, akafuta kibodi kwa maji ya ndimu, ndipo akakaa. Mwalimu Nahúm, anayefundisha kompyuta shuleni, ndiye aliyemteua awe mtunza mashine. Kwetu kila mtu hupewa zamu ya kukitumikia kijiji bila malipo: huyu polisi wa kanisa, yule mfungua maji. Kumpa zamu mtoto lilikuwa jambo geni, na Delfina alitembea akiwa ameinua kidevu.

Mimi ni bibi yake, Zenaida. Kila Alhamisi nina kipindi cha vitendawili. "Kitendawili," nasema kwenye kipaza sauti, kisha nanyamaza kidogo ili hata walio mashambani ng'ambo ya bonde wapate nafasi ya kujibu "Tega," ingawa siwasikii.

Mwaka ule, mahindi yakiwa yanaanza kukauka, alifariki Mzee Fidencio, aliyefundisha bendi yetu miaka arobaini. Sisi humwombea marehemu siku tisa. Chini ya meza ya maombi huchorwa msalaba wa chokaa na mchanga wa rangi, na siku ya tisa msalaba huo huinuliwa, yaani mchanga huzolewa na kupelekwa kaburini. Hapo ndipo marehemu anapoagwa. Mjane wake, Bibi Eufrosina, aliomba kitu kimoja tu: msalaba ukiinuliwa, redio ipige sauti ya mumewe. Mwaka uliotangulia mzee alikaa kibandani, akazungumza na watoto wa bendi, kisha akapuliza klarineti. Dakika saba. Rekodi nyingine hakuwa nayo.

Siku ya tano ya maombi ilikuwa Jumatano. Mwalimu Nahúm alikuwa anakwenda mjini mkutanoni mpaka Jumapili. Kompyuta ilikuwa inaganda katikati ya salamu za wagonjwa, kwa sababu mfumo endeshi wake, ule unaoiendesha mashine nzima, ulikuwa wa kizamani. Mwalimu alikuwa ameleta diski mpya yenye mfumo mpya.

"Nisubiri Jumapili tuifanye pamoja," akasema.

"Mwalimu, hatua zote nimeziandika. Kama mashine itaganda siku ya tisa je?"

Mwalimu alifikiri. "Haya, fanya. Ila diski ya zamani usiichezee. Ukishanakili mafaili, iweke kabatini mpaka nirudi. Umesikia?"

"Nimesikia."

Alasiri ile nilikuwapo, nimekuja kuingiza vitendawili vyangu vya kesho. Delfina alifungua sanduku la kompyuta, akaruka nyuma. Ndani panya walikuwa wametengeneza kiota kwa karatasi za nyimbo za kanisa. Mende watatu wanene walitoka wakatembea bila haraka, kama wenye nyumba. Vinyesi vilijaa kila pembe, na diski ya zamani ilikuwa imelowa kitu cha njano, kinanata.

"Bibi, inanuka kama kitu kilichokufa."

"Ndicho kilichokufa," nikamwonyesha. Panya mmoja alikuwa amekauka nyuma ya feni, meno nje.

Delfina alikimbia nje akatapika. Sikumcheka, maana hata mimi mate yalinijaa mdomoni. Akarudi, akafanya kazi kwa ncha za vidole, akaweka mfumo mpya, akanakili mafaili yote. Alipomaliza aliichomoa diski ya zamani, akaitia kwenye mfuko wa plastiki wa chapati za mahindi, akaufunga mafundo mawili, akatoka nao akiwa ameunyoosha mkono kama amebeba nyoka. Aliporudi alikuwa mikono mitupu.

"Umeiweka kabatini?" nikauliza.

"Ndiyo, bibi."

Kabati lilikuwa mgongoni kwangu, na yeye alikuwa ametoka nje. Niliona. Lakini nilifurahi mno kwamba kile kitu kiko mbali na pua yangu, sikuuliza tena.

Sasa sikiliza kilichofuata. Niliketi nifungue folda yangu, na kompyuta ikaandika: Huna ruhusa. Nikajaribu tena. Huna ruhusa. Nyuma yangu walikuwa wamekwisha kufika wengine wenye vipindi, na kila aliyeketi alikataliwa folda yake au akafunguliwa ya mwenzake. Mtu wa bei za sokoni alifunguliwa folda ya bendi. Mtu wa bendi alifunguliwa vitendawili vyangu.

"Mashine imelewa," akasema Bwana Baldomero.

"Haijalewa," akasema Delfina, jasho likimtoka. "Majina nimeyaandika yote. Nimeanza na mwenyekiti wa kijiji, wakafuata waliowahi kushika zamu kubwa, kisha wadogo. Kama kwenye daftari la mkutano."

Hivyo ndivyo tunavyoandika majina kijijini, kwa heshima. Nani angeandika vingine? Lakini hapo ndipo kosa lilipokuwa, na hakuna kati yetu aliyelijua.

"Mjukuu wa Zenaida," Baldomero akaendelea, "tutalala hapa? Nguruwe wangu wataniota."

"Subirini kidogo, mzee."

"Redio hii si ya msaragambo? Ukuta huu tuliujenga sote kwa mikono yetu, hakuna aliyeambiwa huna ruhusa."

Watu wakacheka. Delfina aliuma kucha. Kisha uso wake ukachangamka, akaandika mstari mmoja mfupi, akabonyeza. Folda zote zikafunguka kwa watu wote. Kila mtu aliweza kusoma, kuandika na kufuta cha mwenzake.

"Tayari," akasema. "Cha msaragambo ni cha wote."

Tulimpigia makofi. Nami nilipiga, tena nilimpa kipande cha chokoleti nilichokuwa nimefunga kwenye leso. Mwalimu alipopiga simu, nilimsikia Delfina akijibu: "Ruhusa ziko sawa zote, mwalimu. Diski ipo kabatini."

Jumamosi, siku ya nane, wanawake tulikuwa nyumbani kwa Bibi Eufrosina tukifunga tamale, unga wa mahindi unaopikwa ndani ya majani, kwa ajili ya kesho. Delfina na rafiki yake Obdulia, mjukuu wa marehemu, walikuwa wanaosha majani ya migomba. Redio ilikuwa dirishani. Saa sita kamili sauti ya Mzee Fidencio ilikuwa isikike mara ya kwanza, kuwaita watu waje kesho. Delfina alikuwa ameipanga kompyuta ipige yenyewe faili liitwalo "saa sita" kutoka folda ya bendi. Kila folda ina faili lenye jina hilo, la kupigwa adhuhuri.

Bibi Eufrosina alifuta mikono akasogea dirishani. "Nyamazeni," akasema taratibu.

Kengele ya saa sita ikalia. Kisha ikasikika sauti ya mtu akifyonza. Alifyonza kitu laini, kirefu, chenye maji, akameza, akafyonza tena. Akacheua. Mcheuo huo ulitoka mbali sana, ukachukua muda wake. Nyuma yake kitu kilikuwa kikichemka na kupasuka mapovu. Kisha Bwana Baldomero akasema kwa mdomo uliojaa: "Utumbo wa leo, ndugu zangu. Bado una joto lake. Njooni kabla inzi hawajawatangulia." Akafyonza tena.

Mimi nilikuwa na unga mkononi, nikauona umekuwa kama kitu cha kutapisha. Bibi Eufrosina aliketi chini palepale, akafunika uso kwa shali.

Obdulia alimgeukia rafiki yake. "Babu yangu yuko wapi?"

Delfina alikuwa amekwisha kukimbia. Nilimfuata kwa miguu yangu hii hadi kibandani. Nilimkuta ameshika kipanya cha kompyuta, midomo imepauka.

"Imefutika, bibi. Utumbo umeandikwa juu ya sauti ya mzee."

Bwana Baldomero aliitwa, akaja na aproni yake yenye damu iliyokauka, akinuka kama kawaida yake. Akaeleza bila wasiwasi. Asubuhi aliingia, akakuta folda zote ziko wazi, akafungua iliyo juu kabisa, nayo ilikuwa ya bendi.

"Ikaniuliza, faili lipo tayari, niweke jipya mahali pake? Nikabonyeza ndiyo. Mimi hubonyeza ndiyo kila mara. Hata mke wangu nilimpata hivyo."

Hakuna aliyecheka. Ndipo alipoelewa. Alivua kofia, akaitazama ndani kama kuna kitu kimeandikwa humo. "Siku zote mashine hunikataza nikikosea mlango," akasema kwa sauti ya chini. "Leo haikunikataza."

Watu waliokuwa wamekusanyika kibandani walianza kumwandama. Mmoja alisema ni mchafu wa mwili na wa roho. Obdulia, aliyekuwa amefika akihema, alisema, "Umemgeuza babu yangu utumbo."

Nilimtazama mjukuu wangu. Angeweza kunyamaza, maana kosa lilikwisha kupata mwenyewe, na mwenyewe huyo alikuwa na mafuta mpaka kwenye nyusi.

"Si yeye," akasema. "Mimi ndiye niliyeifungua milango yote. Sikujua kwa nini inakataa, nikachoka, nikaifungua. Na diski ya zamani, yenye sauti ya mzee, haipo kabatini. Niliionea kinyaa. Niliitupa."

"Wapi?" nikauliza.

Alinyoosha kidole nyuma ya banda la Baldomero. Hapo pana shimo anapotupia vya kutupwa, kwato, manyoya, vinyesi vya matumbo.

"Ulisema ipo kabatini," Obdulia akamwambia.

"Nilidanganya."

"Muda wote tukiosha majani pamoja, ulikuwa unajua?"

Delfina alivua viatu, akakunja sketi, akaelekea shimoni.

Wanangu, nimezaa watoto sita na kuosha maiti nne, lakini shimo lile sitalisahau. Juu palikuwa na utumbo wa asubuhi, umevimba, wa kijivu. Chini yake palikuwa na utumbo wa jana, na chini yake kitu ambacho hakikuwa na jina tena, kinachotembea chenyewe kwa sababu ya funza. Inzi walipoinuka, kweupe kukawa giza kidogo. Delfina alishuka. Tope lile lilimfika magotini, likatoa sauti ileile ya kufyonza tuliyoisikia redioni, nami nikageuza uso.

Bwana Baldomero alishuka na koleo. "Jumatano nilitupa upande huu," akasema. "Wewe ulisimama wapi?"

"Karibu na jiwe."

"Basi chimba jiweni. Usipumue kwa pua. Pumua kwa mdomo, na usifikirie."

"Kwa mdomo naionja, mzee."

"Ndiyo maana nikasema usifikirie."

Walichimba muda mrefu. Delfina alitapika mara mbili, mara ya pili hakukuwa na cha kutoka. Mkono wake ulizama hadi begani, ukatoka na taya la nguruwe. Ukazama tena, ukatoka na gunzi. Obdulia alikuwa amesimama ukingoni, amekasirika, leso puani. Halafu nikamwona naye anakunja sketi.

"Sogea," akamwambia mwenzake. "Unachimba kama unapaka mafuta."

Obdulia ndiye aliyekanyaga kitu kigumu. Delfina aliinama akauvuta. Mfuko wa chapati ulikuwa umegeuka kijani, umejaa utelezi, lakini mafundo mawili yalikuwa yameshika. Wote watatu walitoka shimoni wakiwa hawatofautiani, na mbwa wa kijiji kizima wakatufuata.

Niliwasugua kwa majivu na sabuni ya kufulia, maji saba. Kisha Delfina, akiwa bado ananuka, alikwenda mwenyewe kwa Bibi Eufrosina. Nilibaki mlangoni. Alimweleza yote, ya milango, ya diski na ya uongo, na kwamba bado haijulikani kama sauti itapatikana. Mjane alimsikiliza bila kumkatiza.

"Nenda ukalale," akamwambia mwishoni. "Kesho tutajua."

Mwalimu Nahúm alifika Jumapili asubuhi, maana Delfina alikuwa amempigia simu akamwambia ukweli. Hakumgombeza. Aliufungua mfuko nje, akarudisha kichwa nyuma kwa uvundo, akaifuta diski kwa spiriti na pamba zaidi ya mara kumi, akaiunganisha. Taa ndogo ikawaka. Diski ikalia kama paka mgonjwa, kisha ikatulia. Folda ya bendi ilikuwamo, na faili la saa sita pia. Delfina alilinakili mara tatu, sehemu tatu, na kila mara alilisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa tuirekebishe nyumba ya mafaili," mwalimu akasema. "Unajua kwa nini watu walikataliwa?"

"Majina niliyaandika sawa."

"Majina ni yetu sisi. Kompyuta hushika namba. Kwenye mfumo wa zamani nilimpa kila mtu namba kwa kufuata nani alitangulia kufika redioni. Bibi yako alikuwa wa pili, na mafaili yake yakaandikwa ni ya namba mbili. Wewe ukawapanga upya kwa heshima ya mkutano, namba mbili ikamwendea mwingine. Mafaili hayakuhama. Wenyewe ndio waliohama."

Delfina alijishika kichwa. "Kumbe lilikuwa hilo tu."

"Hilo tu. Ungenipigia simu tungemaliza kabla chai haijapoa."

Wakafanya kazi pamoja, folda moja baada ya nyingine. Kila folda ilirudishwa kwa mwenyewe kwa jina lake. Kisha wakapanga ruhusa: mwenyewe anaandika, wenzake wa redio wanasoma na kusikiliza, mgeni haingii. Delfina alijaribu kuandika kwenye folda yangu kwa jina la Baldomero. Huna ruhusa, ikaandika, na safari hii maneno yale yaliniburudisha.

"Lakini mwalimu," Delfina akauliza, "si redio ni ya wote?"

"Ni ya wote. Hata barabara tuliichimba wote, na inafika kwenye mlango wa kila mtu. Je, inapita chumbani kwako?"

Delfina akatikisa kichwa.

Alasiri ile, mchanga wa msalaba ulipoanza kuzolewa, redio ya dirishani ilipiga kengele, na Mzee Fidencio akakohoa kidogo kama alivyozoea. Akawaambia watoto wa bendi waoshe vyombo vyao ndani, kwa sababu hakuna mtu anayetaka kusikia mate ya jana. Watu wakacheka na kulia kwa pamoja. Kisha akapuliza klarineti. Dakika saba zote, mpaka pumzi ya mwisho na kiti kinachosogezwa.

Bibi Eufrosina alimwita Delfina akamkalisha kando yake, ingawa mtoto alikuwa bado ananuka shimo, na jirani zangu wawili walikuwa wamehamisha viti. Obdulia alikuja akakaa upande wa pili, naye ananuka vilevile.

"Jana nilikukasirikia," mjane akasema, nasi sote tulisikia. "Uvundo huu utatoka, labda wiki moja, labda mbili. Lakini kama ungenyamaza, Baldomero angebeba lawama, sauti ya mume wangu ingeoza shimoni, nawe ungekuja hapa umepaka manukato, nisingejua niliyekaa naye. Kitu kikikutia kinyaa, mwanangu, kiseme. Usikitupe kisha ukaniambia kipo kabatini."

Delfina aliitikia kwa kichwa. Siku hizi kibanda kina dirisha lililo wazi na marufuku ya kula, na Bwana Baldomero huosha mikono kwanza, ingawa bado hubonyeza ndiyo kila mara.

Alhamisi iliyofuata nilikaa kwenye kipaza sauti. Herufi A ilikuwa safi, ikishuka na kupanda.

"Kitendawili," nikasema, nikangoja bonde zima liitikie. "Nyumba yetu ina milango mingi. Nikiifunga yote nalala nje, nikiiacha wazi yote, ndani analala nguruwe."

Kabla kipindi hakijaisha, Delfina aliyekuwa kwenye mitambo aliinua mkono kama yuko darasani.

"Wewe huruhusiwi kujibu," nikamwambia.